Swichi ya Mashine ya Kanisa

Sultan Hamud, 3 Machi 1986

Kwa Jonah, mdogo wangu,

U mzima huko Kitui? Sisi tu wazima, ila jua linatuchoma na mama yetu, Mwaitu, analalamikia goti lake. Ule mchango wa kanisa umezaa matunda! Wenye umeme wameleta transfoma kubwa, wakaiweka hapa nyuma ya mashine ya kusaga, badala ya ile ndogo ya kule barabarani, iliyokuwa mita mia tatu kutoka hapa. Mume wangu Mbuvi anasaga tangu asubuhi, na akina mama wanakusifu wewe uliyetufungia umeme. Jivune kidogo tu, usizidishe.

Dada yako,
Kalunde

Sultan Hamud, 24 Machi

Jonah,

Salamu. Hukujibu, nikadhani ni kazi. Alhamisi panya alitafuna waya za mota, zikapiga shoti. Ile swichi kubwa uliyofunga, badala ya kukata umeme, ilipasuka Mbuvi akiwa mbele yake. Ameungua mkono wa kulia na shavu. Wazee wa kanisa wanasema ni uzembe wake, wanataka kumtoa kwenye mashine. Wewe usijilaumu, ajali haina kinga.

Dada yako,
Kalunde

Kitui, 29 Machi

Dada,

Hata kukusalimu naona haya. Hii ilikuwa na kinga. Nilipofunga swichi nilipiga hesabu ya nguvu ya shoti: transfoma ndogo, waya mrefu, ampea elfu moja na mia mbili. Swichi ile hukata hadi elfu tatu, zaidi ya hapo hupasuka. Transfoma kubwa ikisogezwa karibu, nguvu hupanda. Barua yako ya kwanza niliipata tarehe saba, nikapiga hesabu upya papo hapo dukani kwangu. Zaidi ya elfu sita. Nilijua, Kalunde! Lakini siku ya kuweka mashine wakfu nilisimama kanisani nikasema swichi yangu ni ya maisha. Nikaagiza nyingine Nairobi, nije kuibadilisha kimya kimya kama niliyekuja kumwona Mwaitu. Siku kumi na tatu nilipita mbele ya simu ya posta nisiwapigie. Wasomee wazee barua hii, Mbuvi asionewe.

Mdogo wako mkosefu,
Jonah

Sultan Hamud, 5 Aprili

Jonah,

Mwaitu hajambo, hajui lolote. Nimemsomea Mbuvi barua yako mara mbili. Akasema nikuandikie ukija usafiri salama. Mimi sina moyo wake. Nina hasira nawe hadi kalamu inatoboa karatasi. Wazee sitawasomea. Kujisifu ulijisifu kwa kinywa chako. Na haya njoo uyaseme mwenyewe. Kikao ni Jumapili tarehe kumi na tatu, baada ya ibada. Nimewaambia kuna shahidi anatoka Kitui. Sijawaambia ni nani.

Bado dada yako,
Kalunde