Kasia Lililong'ang'ania Maji

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Mama. Goti lako linaendeleaje? Sisi hatujambo, ila Mama analalamika kwamba viganja vyangu vimekuwa vigumu kama vya fundi mwashi na hakuna atakayenioa.

Ni kwa ajili ya makasia. Nimepewa mtumbwi wa mashindano wa watu wawili, kila mmoja na kasia moja upande wake, mwenzangu akikaa nyuma ya mgongo wangu. Kocha alituonya kwamba tusipotulia, Jumamosi nafasi yetu wataichukua wengine. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyoitaka nafasi hiyo.

Kosa lilikuwa langu. Tukishavuta, tunaporudi mbele ili tuvute tena, bapa la kasia linatakiwa lipite hewani, kiasi cha kiganja juu ya maji. Langu lilikuwa likiburuzika. Nililiacha hapo makusudi, kujishikiza tusipinduke, maana mwenzangu simwoni na moyoni sikumwamini. Mtumbwi ukazidi kulalia upande wake, naye ikambidi akandamize mpini chini ili kasia lake lisiguse maji, hata vidole vyake vikawa vinasagika mapajani.

Kocha, mtu wa kununa, akasema ninachokiogopa nakitengeneza mwenyewe: mikono yangu ikipanda, bapa linashuka, na upande wangu unainuka. Akaniamuru nishushe mikono, makasia yote mawili yabaki hewani. Nikakataa katakata. Mwenzangu akaniambia taratibu kwamba yupo.

Basi nikashusha. Kaka, sijui nikueleze vipi. Mtumbwi ulitulia kama meza, ukateleza wenyewe, na chini yetu nikasikia mapovu yakikimbia. Nilisahau kupumua. Maji yote yale, na makasia yetu hayayagusi! Hata kocha alizima injini ya boti lake akabaki kututazama. Jana ametangaza kwamba Jumamosi tunakwenda sisi.

Sasa nikwambie nililokuficha. Mwenzangu huyo ni wifi, yule uliyemwacha. Ulituambia si mtu wa kutegemewa, mambo yakiharibika anakukimbia, nami nikaingia mtumbwini na maneno yako. Vidole vimemchubuka kwa ajili yangu na hajalalamika, wala hajatamka neno baya juu yako. Nimemwegemea kwa uzito wangu wote, Kaka, hakuniangusha. Ulichotuambia si kweli, na nadhani ulijua.

Nakupenda vilevile. Mama bado anaamini maneno yako, na Jumamosi atakuja kututazama. Mpigie simu kabla ya hapo, umweleze mwenyewe.

Ugua pole na goti.

Ni mimi, mdogo wako.