Maua ya bluu kwenye nyumba ya kuku

Jumanne, mvua imerudi

Na ni mimi mwenyewe niliyemwambia mume wangu Kamau kwamba mmea wangu umekufa. Ule mmea wa maua ya bluu niliochimbua porini kule Kariandusi ulikauka wote wakati wa kiangazi, nikalia, na Kamau akanifariji kwa kujenga nyumba ya kuku pale pale ulipokuwa.

Kumbe mizizi ilikuwa imelala tu. Leo asubuhi nimekuta maua matatu katikati ya kuku. Nikaingia kwa magoti kuyatazama.

"Si ulisema umekufa?" Kamau akaniuliza kupitia waya.

Kufika jioni limebaki moja. Jogoo ananiangalia kana kwamba mimi ndiye mwizi.

Nimemwambia Kamau kesho kuku wanahama. Akitaka, ahame nao.