Kofia ya Baba Mkwe

S.L.P. 1147,
Machakos.
20 Juni 1999

Mpendwa Dada Mbula,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako. Hamjambo huko Eldoret? Kifua cha mtoto kimepona, ama baridi bado inawasumbua? Sisi hapa Katelembo ni wazima. Mahindi yamenyauka mapema, lakini nyumbani kwangu ni furaha tupu.

Dada, ndoa ni tamu! Nzioka wangu hunipashia maji ya kuoga kabla sijaamka, na akitoka kazini hupiga mluzi tangu barabarani ili nijue ni yeye. Moyo wangu huruka kama wa msichana wa shule. Sasa fikiria ninavyoumia nikimficha jambo mtu kama huyo.

Nimepata kazi, ile ya kwanza kabisa ya uuguzi, katika zahanati moja mjini. Unajua tangu nimalize chuo serikali haikunipeleka popote, nikabaki dukani Muthetheni nikipima vitambaa miaka yote hiyo. Nilipovaa sare, Nzioka alinizungusha sebuleni akiniita daktari wake.

Asubuhi ya kwanza nilitumwa kumwekea mama mmoja dripu. Nikamchoma hapa, nikamchoma pale, mshipa sioni. Akaniuliza, "Sista, unatafuta mshipa ama unachimba kisima?" Foleni nzima ikacheka. Vidole vyangu vilikuwa vimesahau kila kitu.

Mara nikaona dirishani baba mkwe, Mzee Mbithi, analetwa akichechemea. Alikuwa akifyeka ua, panga likamkata paja. Paja, dada! Kwetu mke wa kijana hata mkono hampi baba mkwe. Nikakimbilia stoo, nikajifungia na maboksi ya pamba.

Sista Muringo, mkubwa wetu, akagonga mlango. "Syombua! Mzee anavuja damu huku, uko wapi?"

Nikamjibu nikiwa humo humo ndani kwamba huyo ni baba mkwe, mila hainiruhusu. Akaenda kumshona mwenyewe, na akina mama wenye watoto wagonjwa wakazidi kungoja.

Aibu yangu iko hapo. Sikujificha kwa heshima. Hata angekuwa mtu baki ningetafuta sababu nyingine. Niliogopa vidole vyangu.

Jioni Mzee, aliyekuwa amesikia jibu langu la stoo, akanisifu mbele ya jamaa wote. "Huyu mke wa Nzioka amelelewa! Aliniona na damu yangu, akajificha." Nzioka akanitazama kwa mapenzi, nami nikainamia kikombe changu cha chai.

Kesho yake nilimweleza Sista Muringo ukweli. Akasema, "Ingekuwa mila ningekuachia. Kama ni woga, tutautoa hapa hapa." Tangu siku hiyo kila kidonda kilichoingia kilikuwa changu.

Juzi Mzee akarudi kutolewa nyuzi. Sista alikuwa anazalisha, nami peke yangu. Nikainamisha kichwa, nikamwambia, "Baba, siku ile nilijificha kwa kuogopa kazi, si kwa kukuheshimu."

Mzee akavuta kofia yake ikamfunika macho. "Basi," akasema, "mimi sikuoni, na wewe hunioni. Toa nyuzi."

Nikatoa. Vidole vilikwenda polepole, lakini uzi haukukatikia ndani. Akavaa kofia sawasawa, akaenda zake bila kuniambia kama bado mimi ni yule mke aliyelelewa. Naona haya hata kupita mbele ya nyumba yake. Na Nzioka hajui lolote, bado anawasimulia marafiki heshima ya mke wake.

Nisalimie shemeji Mutiso na watoto wote, na umwambie mama mkwe wako sijasahau maziwa yake ya mursik, yale ya mgando ya kibuyuni. Mungu awafunike vizuri huko kwenye baridi, asisahau miguu ya hata mmoja wenu.

Nafunga sasa, kwa maana nasikia mluzi barabarani. Nataka nimwambie kabla hajavua viatu, kabla hajanitazama vile anavyonitazama, nikashindwa.

Wako akupendaye, uso ukiwaka kwa haya,
Syombua