Nimemuua Baba kwa Kiha

Ghati, nimemuua baba! Tulia, ni mzima. Nimemuua kwa mdomo.

Niko uwanjani Kasulu, Siku ya Mashujaa. Nikapewa maiki nimtambulishe mzee. Unajua Kiha changu cha kuokoteza, sisi tumekulia kambi za jeshi. Nikajifanya nawafurahisha wazee: "Data yaguye mu ntambara." Nilimaanisha ndege yake ilianguka vitani.

Kumbe kwa Kiha ukisema mtu "kaanguka vitani", umesema AMEFIA vitani!

Mgeni rasmi: "Wote tusimame dakika moja, tumkumbuke marehemu."

Marehemu yuko mstari wa mbele na soda yake! Naye kasimama, kofia kifuani. Nimebana kicheko mpaka machozi 😂

MC akamfuata: "Mzee wangu, ulimfahamu marehemu?"

"Mimi ndiye marehemu."

Watu hoi! Mimi ndiye marehemu!!

Halafu akaomba maiki. Baba, Ghati! Yule ambaye tangu aache urubani, ukimuuliza mizinga ya vitani anakuonyesha mizinga ya nyuki.

Akasema, "Mwanangu kakosea mtu tu. Aliyekufa ni Gasper, rubani mwenzangu, mtu wa Nyakitonto, hapa hapa Kasulu. Tulianguka wote, nikatoka mimi. Kwao sijawahi kufika. Niliogopa wataniuliza mbona nimerudi peke yangu."

Hilo jina ndiyo kwanza nalisikia.

"Kama ndugu yake yeyote yupo hapa, naomba anyooshe mkono."

Bado kasimama, anaangalia uwanja mzima. Hakuna mkono.