Ndoto Moja kwa Wajane Wawili

Binti yangu,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Chumvi nimeshatia, usiongeze.

Nimekwenda mahakamani. Asubuhi ulinicheka, "Mama, kesi kwa ajili ya barua?" Ndiyo! Ile barua ya ng'ambo ilisema mtumishi wa Mungu ameniota mimi peke yangu, nitume sadaka, nisimwambie mtu. Nikatuma, nikanyamaza. Kumbe jirani yetu fundi cherehani, mjane mwenzangu, naye kaletewa ndoto hiyo hiyo, neno kwa neno! Tangu lini Mungu akatoa ndoto kwa fotokopi? Leo hakimu anaombwa azipige marufuku barua zao, na mimi ni shahidi.

Mvua ikija, anua nguo.

~~Kaka yako asijue.~~ Mwambie kaka yako. Kimya changu ndicho walichokitaka wale walaghai.

Mama yako