Mshale wa Mafuta Haujashuka

Pujini, Pemba
Alhamisi, baada ya alasiri

Kwa dada yangu mpenzi Ruweida,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya huko Maskati, wewe na wale watoto wa watu unaowalea. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wake Mola, na kama yupo asiyejambo kuwashinda wenzake basi ni mimi nduguyo. Dada, mie nimezaliwa na bahati nimeikamata mkononi. Katika Pujini nzima, na ukitaka tia na Gombani, hakuna mwanamme mwenye gari linalokula mafuta kidogo kama hili letu. Lilijazwa tangi siku liliposhuka melini Mkoani, leo wiki ya saba, na kila asubuhi nikizungusha ufunguo mshale unapanda mpaka juu kabisa, hata unywele haujashuka. Nani mwengine amepata gari la namna hii?

Usishangae kuona barua badala ya simu. Kwenye simu Mama hukaa ubavuni mwangu, na mimi na wewe tukishaanza kucheka maneno yote hupotea. Bi Shamima anasafiri Jumamosi kuja huko kwa mwanawe, nimemuomba akupe mkononi siku hiyo hiyo akifika.

Mama anakusalimu. Anakula vizuri, anasali kwenye kiti, na ulimi wake ungali mkali. Mguu ndio ule ule. Nitaueleza mbele.

Kwanza nikwambie nilivyolichagua gari, maana hilo nililifanya kwa akili zangu zote. Uliponitumia akiba yako ya miaka miwili uliniambia maneno matatu tu: dogo, lisilotumaliza, la Mama. Kule Unguja muuzaji alinikokota kwenye madude makubwa ya viti saba, akanambia mtu wa urefu wangu akikaa kwenye kigari kidogo ataonekana kama pweza ndani ya kopo. Nikamjibu kuwa mimi sinunui kanzu, nanunua miguu ya mama yangu. Nikayakataa pia yale madogo kupita kiasi, kwa sababu kile kilima cha kutokea kwetu unakijua, na Mama naye unamjua, tuseme kweli, si karatasi. Nikachagua la lita moja, silinda tatu. Mlango wake unafunguka sana na kiti hakiko juu, mtu anatanguliza makalio kisha anaingiza mguu taratibu bila kuunyanyua. Nikalala chini nikalitazama tumbo, maana gari lililokaa karibu na bahari huoza kutokea chini huku juu linang'ara kama bwana harusi. Halikuwa na kutu. Nikauliza vipuri, nikaambiwa Chake Chake vimejaa. Kisha nikamwambia Pandu, kijana wa muuzaji, alipandishe mlima mimi nimekaa kiti cha abiria, kwani hapo ndipo Mama atakapokaa. Halikulalamika. Mie niliyeishia fomu ya pili nilichagua gari kama profesa, na hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Pandu alivuka nalo, akaliendesha kutoka Mkoani mpaka uani kwetu, akaliingiza bandani, akanipa ufunguo, akarudi zake. Kesho yake tukasoma dua. Halua iliyoliwa siku ile usiulize. Shehe Rajab alipomaliza akanigeukia, akasema bismillahi Haroub, mtembeze Mama mpaka barabarani na kurudi. Watu wote wakanitazama. Mama alishavaa buibui lake jipya, kadi ya hospitali ameishika utafikiri anakwenda Ulaya. Na mimi, dada, ulimi wangu ukatangulia kama kawaida yake. Nikasema nimeweka nadhiri kwa Mwenyezi Mungu, gari hili halitoki uani mpaka aliyelitolea jasho aje alikalie yeye mwanzo.

Wanawake wakapiga vigelegele. Shehe Rajab alifuta macho, akasema vijana wa sasa wenye kujua fadhila ni wachache. Mama akavua buibui, akalikunja, akanambia nimemfurahisha kuliko gari lenyewe. Usiku ule nilisifiwa mpaka nikaanza kuamini.

Basi hapo ndipo nilipojifunga, na kila nikijikwamua nazidi kukaza. Wiki ya pili Mwalimu Usama wa skuli, jirani yetu, anayeendesha ile pikapu ya ushirika isiyoruhusiwa kubeba abiria, alikuja kusema kuwa yeye hana nadhiri, apewe ufunguo ampeleke Mama kufungwa kidonda kila Jumatatu na Alhamisi. Mama akamkatalia mbele yangu. Alisema nadhiri haichezewi, mguu wake utasubiri, ila mwanawe hatamtia kwenye dhambi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeushika ufunguo.

Kwa hiyo Mama anakwendaje? Anakwenda na gari la ng'ombe la Mzee Nyange mpaka kwenye lami, amekalia gunia la majani, mguu umenyooshwa, kisha anangojea gari la kupita limfikishe Chake. Kila safari anapita mbele ya banda. Juzi nilimtania Mzee Nyange kuwa ng'ombe wake wanakula sana, akanijibu bila kugeuka kuwa ni kweli wanakula, lakini wanakwenda. Gari letu sasa lina paka juu ya boneti, na chini yake kuku wa Mama ametaga mayai tisa na anayaatamia.

Ijumaa iliyopita, wanaume wote wako msikitini, nilijitia homa nikabaki. Nikaingia garini, nikawasha. Linalia taratibu, dada, hutaamini, kama cherehani. Nikatia mkono kwenye gia, na hapo ndipo mkono ulipoishia. Nilipoinua macho Mama amesimama mlangoni. Ameshavaa buibui lile jipya, kadi iko mkononi, kiatu kimoja ameshavaa na cha pili amekishika. Alidhani nimeamua. Nikazima, nikamwambia najaribu betri tu. Akasema haya, akarudi ndani. Hata hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililoniua.

Sasa nisikilize. Jumatatu Siti, muuguzi anayemfunga kidonda, aliniita pembeni akanambia kidonda kimeingia ndani kwa sababu ya sukari, na Mama asikose hata siku moja tena, akikosa kidole gumba kitakatwa, na kikishakatwa kimoja hawaahidi kuwa wataishia hapo. Leo ni Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, gurudumu la Mzee Nyange limezama kwenye udongo chini ya kilima, ng'ombe wamevuta mpaka wamepiga magoti. Mama amerudishwa nyumbani amelowa, kitambaa cha mguu kimejaa tope. Mimi ndiye niliyemuosha. Ameniambia nisikwambie, usije ukaacha kazi za watu kwa ajili ya kidole.

Nadhiri sikuiweka, Ruweida. Nimemsingizia Mungu. Unakumbuka ile miaka sita ya Unguja, niliyokwambieni kuwa nawaendesha watalii? Nilikuwa naosha magari. Picha zile zote nimeshika usukani ni magari ya watu, nimemaliza kuyafuta, nikamuomba mwenzangu anipige. Ndiyo maana nayajua matumbo yao.

Nimetaka kumwambia Mama mara nne leo. Mdomo unafunguka, kinatoka kichekesho. Kwa hiyo ukimaliza kusoma mpigie yeye, usinipigie mimi. Mwambie hakuna nadhiri, ampe Usama ufunguo, Jumatatu isimpite. Mwambie na sababu yake, asije akadhani unanifichia. Shehe Rajab nitamkabili mwenyewe, na saumu ya kafara nitafunga anavyotaka. Pujini wakinicheka wana haki yao.

Nisalimie wote wanaokuuliza hali yangu. Mama anakubusu, Mzee Nyange anakusalimu, na Usama naye, ambaye mpaka leo ananiita bingwa. Mungu akuhifadhi ugenini, na akurejeshe umkute Mama na vidole vyake vyote kumi.

Ile bahati niliyojisifia hapo juu ni uongo. Mshale haujashuka kwa sababu gari halijatoka bandani. Sijui kuendesha gari.

Nduguyo,
Haroub