Mapacha Hawachezewi Upande Mmoja

Ng'ambo, Tabora
Jumapili, 10 Machi 1974

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwangaluka. Nakuamkia kwa Kiswahili na kwa kwetu, uchague utakayoitikia. Mgongo unaendeleaje? Na mvua, je? Huku sote tunapumua. Kulwa amejifunza kuuma, na Doto amejifunza kulia kabla hajaumwa. Baba yao Shomari yuko safari ya Kigoma na treni yake, anakusalimu.

Mama, mjini kuna jambo jipya. Limeanzishwa Baraza la Sanaa la Mkoa. Lilianza kama mchezo. Mwalimu Muhanna, yule mtoto wa duka la nguo karibu na soko, aliwakusanya wazee wanaokumbuka nyimbo za wapagazi waliobeba pembe kwenda pwani, wakawa wanaimba ukumbini kila Alhamisi. Mimi nilikuwa nawapelekea vitumbua vya mama mkwe wangu, Bi Zamda. Siku moja nikasahau, nikaitikia kiitikio nikiwa mlangoni, Doto mgongoni. Mwalimu akasema, "Nani huyo? Aingie!" Basi nikaingia, na mpaka leo sijatoka. Sasa kuna wasusi, kuna wahunzi, kuna wacheza nyoka na nyoka wao, na Bi Zamda hapiti tena mtaa ule.

Mwalimu anatafuta ngoma za wilaya zote, zichezwe uwanjani Saba Saba. Nimemwambia kwetu Puge kuna ngoma ya mapacha, na mkubwa wa ngoma hiyo ni mama yangu. Alifurahi mpaka akavua kofia.

Mama, unajua ninachotaka. Wanangu wanakaribia miaka miwili na hujawapakata hata mara moja, kwa kuwa hawajachezewa, na bibi hagusi mapacha kabla ya ngoma. Njoo na wanawake wenzako. Mcheze hapo uwanjani, wanangu nimewaweka mbele, iwe imekwisha. Baraza lipate ngoma, nawe upate wajukuu.

Nakusubiri kwa hamu.

Mwanao,
Leonia, Mama Kulwa

*

Puge
2 Aprili 1974

Mwanangu Mama Kulwa,

Marahaba. Mwangaluka. Barua hii anaiandika katekista Anton. Mimi nasema, yeye anaandika, akikosea ni dhambi yake. Mgongo upo, unajua kazi yake. Mahindi yamesinyaa kama watoto walionyimwa chakula, ila karanga zimetuonea huruma. Nimefurahi kusikia Kulwa anauma. Babu yako naye alikuwa hivyo.

Sasa sikiliza. Mjini kumekusahaulisha. Ngoma ya mapacha ni matusi, mwanangu. Sisi wa upande wa mama tunawatukana wa upande wa baba, nao wanatutukana sisi, sura kwa sura, miguu kwa miguu, mpaka watu wanalia kwa kucheka. Hapo ndipo uzito wa kuzaa wawili kwa mara moja unapotoka, na watoto wanakuwa wetu sote. Anayetukanwa asijibu, amewakataa watoto. Nimempa Anton mfano mmoja akuandikie, amekataa, ameweka kalamu chini na kwenda kunywa maji.

Je, huko uwanjani nitamtukana nani? Wageni rasmi? Mkwe wangu Zamda hajakanyaga Puge tangu ndoa yenu. Mapacha hawachezewi upande mmoja. Ni kama kupiga hodi kwenye ukuta.

Mlete Zamda aje atukanwe. Siku hiyohiyo nitawabeba wanao wote wawili mpaka mikono ikatike.

Mama yako

*

Ng'ambo, Tabora
19 Mei 1974

Mama yangu,

Shikamoo sana. Natumaini karanga mmezivuna salama na mgongo umekuachia upumue kidogo. Sisi tu wazima. Doto ameanza kukimbia, kumbe alikuwa anakusudia tu kutuchosha.

Nilimweleza Bi Zamda maneno yako, tukiwa jikoni. Alikuwa anageuza vitumbua, hakuinua hata kichwa. "Mimi? Nipande basi mpaka Puge nikatukanwe? Matusi ya bure yapo hapahapa sokoni."

Nikamwambia, "Mama, ni kwa ajili ya wajukuu wako."

"Wajukuu wangu walisomewa maulidi, wakanyolewa nywele, imetosha. Sisi ni watu wa mjini, mwanangu. Hayo mambo ya porini waachie wenyewe."

Mama, usikasirike. Si mtu mbaya. Usiku mtoto akikohoa, yeye ndiye anayetangulia kuamka.

Mimi bado nina tumaini. Nimefikiri hivi: wewe ukifika mjini, akakuona kwa macho, moyo wake utalainika. Kwa hiyo nimempa Mwalimu Muhanna jina lako, na majina ya wenzako niliyoyakumbuka. Amesema maneno watayasafisha kidogo. Pale penye tusi mtaimba habari za kilimo, kwa kuwa kutakuwa na wageni. Usijali, ni siku moja tu, na mimi nitajua moyoni ulichomaanisha.

Baraza limekua, mama. Zamani tukimtaka mtu, tulimtuma mtoto akamwite. Sasa tuna ofisi, tuna mhuri, na kila jambo linapita wilayani kwanza. Lakini usiogope, ni mwaliko tu. Nimekuwekea kanga mpya.

Mwanao anayekupenda,
Mama Kulwa

*

Puge
14 Julai 1974

Leonia,

Tu wazima. Nasema maneno haya Anton akiyaandika yote, nimemwambia asipunguze.

Siku moja kabla ya Saba Saba, alfajiri, lori lilisimama njia panda, mgambo wamekaa juu. Lori hilo tumelisikia kwa wenzetu. Likija, ni kuhamishwa kwenda kijiji kipya, na asiyetoka nyumba inamwangukia. Basi tukafanya kama walivyofanya wenzetu. Tukauzima moto kwa maji. Tukafunga kuku miguu. Mama Luhende, jirani yangu, unamjua, aling'oa mlango wa nyumba yake akaubeba kichwani, maana mlango alichongewa na marehemu mumewe.

Kumbe walikuwa na majina yetu. "Nyinyi ndio wa ngoma? Pandeni. We mama, mlango wa nini, unakwenda kuucheza?" Wakacheka sana. Sisi hatukucheka. Nikauliza kama mtu anaweza kukataa. Wakasema jambo hili linatoka mkoani, ni lazima.

Uwanjani tulipewa maneno mapya. Wenzangu waliyaimba, siwalaumu, walikuwa na njaa na walitaka kurudi. Mimi nilitoa tusi moja tu, lile la kwanza, la kumwita mwenzio. Nikasubiri. Hakuna aliyejibu. Watu wakapiga makofi. Nikafunga mdomo wangu mpaka mwisho.

Watoto niliwaona. Uliwainua juu ya kamba ya kuzuia watu. Mmoja ana kichwa cha baba yako. Nikaweka mikono nyuma, na mikono ikabaki nyuma mpaka lori lilipoondoka.

Lori lile lilikuja kwa jina ulilolitoa wewe. Sikulaani, wewe ni mwanangu. Ila usinitumie mwaliko tena.

Mama yako

*

Ng'ambo, Tabora
28 Julai 1974

Mama,

Shikamoo. Naomba uitikie hata kama ni kimoyomoyo.

Sijui nianze wapi. Nilikimbilia lori, mama. Doto nilikuwa nimemfunga mgongoni, Kulwa kwapani, kanga ya kwako mkononi. Mgambo akanizuia, akasema waliokuja kwa lori wanarudi kwa lori. Nilikuita. Sijui kama ulisikia au hukutaka kusikia.

Nilikwenda kwa Mwalimu Muhanna nikiwa na barua yako. Nikamsomea mpaka pale penye mlango wa Mama Luhende, nikampa amalizie mwenyewe. Alisoma mpaka mwisho. Halafu akasema, "Leonia, mimi nilisema tunaomba. Wilayani wakasema wanatakiwa. Huko chini ikawa lazima." Nikamuuliza, "Na Baraza likizidi kukua, itakuwaje, Mwalimu?" Aliniomba radhi, nami nakufikishia, ingawa najua radhi haimrudishii mtu mlango.

Kuna jambo jingine, na sitaki ulisikie kwa watu. Ngoma imependwa. Baraza limechaguliwa kwenda Dar es Salaam kwenye sherehe za Uhuru, Desemba, na wanataka mimi niongoze wimbo mahali pako, kwa maneno yale ya kilimo. Nimefurahi, mama, halafu nikaona aibu kufurahi. Mimi sijawahi kuvuka Dodoma. Niambie nifanye nini. Ukisema niache, nitaacha.

Mwanao,
Leonia

*

Ng'ambo
1 Septemba 1974

Mama yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nimejipa moyo kwamba ni mavuno, halafu nikakumbuka mavuno yamekwisha zamani.

Jana nilikwenda stendi kumuuliza utingo wa basi la Nzega, anayekuletea barua zangu. Ananiambia upande wenu watu wamehamishwa, wamepangwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara, nyumba kwa mstari. Nikamuuliza, barua ninazokupa unampa nani? Akasema, "Dada, nilimwachia jirani, lakini jirani naye sijui kapangwa mstari gani."

Labda barua yangu imelala kwenye nyumba isiyo na paa. Labda umeipata na umenyamaza. Naomba iwe hiyo labda ya kwanza, lakini nisamehe kama ni ya pili.

Anton yuko wapi? Mgongo wako, nani aliubebea mizigo?

Leonia

*

Ng'ambo, Tabora
Jumapili, 6 Oktoba 1974

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwangaluka. Kama barua hii imekufikia, basi Mungu hapangwi mstari.

Wiki iliyopita nilikuwa natwanga mchele wa vitumbua, machozi yakawa yanaingia kwenye kinu. Bi Zamda akaninyang'anya mchi. "Unatia chumvi unga wangu. Kaa chini." Nikakaa. Akatwanga kidogo, akaacha.

"Siku ile ya Saba Saba nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa chini ya jukwaa nauza. Mama yako alipotoa lile tusi nililisikia. Nikajua ninaitwa mimi."

Nikashangaa. "Ulilielewaje, mama? Lilikuwa Kinyamwezi."

"Kwani mimi nimezaliwa Maskati? Bibi yangu mzaa mama ni Mnyamwezi wa Bukene, na alizaa mapacha. Nilimsikia mwenzangu akipiga hodi, watu wanampigia makofi, nami nimeinamia beseni langu la vitumbua kama sina masikio." Akaanza kutwanga tena kwa nguvu mpaka mchele ukaruka. "Mtu mzima mzima! Ameletwa kwa lori, kaita, na mimi nikaona haya kwa jirani zangu."

Kesho yake asubuhi niliamshwa na sauti uani. "Flavia wa Puge! Mwenye magaga ya kukwangulia ukoko wa sufuria! Miguu kama mipini iliyokataliwa na jembe!" Jirani akachungulia, akauliza kuna ugomvi gani. Bi Zamda akamjibu, "Namsalimia mkwe wangu." Shomari amejifungia chooni kwa aibu. Kulwa na Doto wamecheka mpaka wakakaa chini, na sasa nao wanajaribu kusema magaga.

Nimekwenda kwa Mwalimu Muhanna. Nimemwambia Desemba siendi. Akasema Baraza litapungukiwa sauti. Nikamwambia Josepha wa Nzega anaweza nyimbo zote, ila ule wa mapacha wautoe, kwa sababu umeanzwa na haujajibiwa. Alifikiri sana, akaukata kwenye orodha. Nilipofika nyumbani nililia kidogo kwa ajili ya Dar es Salaam, sikufichi. Halafu nikaosha nepi.

Jumamosi tunapanda basi. Mimi, watoto, Bi Zamda, na Shomari ambaye ameomba ruhusa kazini na bado hajui atatazama wapi. Dada zake wawili nao wamesema hawabaki. Huu si mwaliko, mama. Hatumtumii mtu, hatumpi mtu jina lako.

Nyumba yako siijui. Watu wanasema huko zote zinafanana. Nilimwambia Bi Zamda tutapotea, akasema hatupotei. Tutashuka barabarani, tutaanza na mstari wa kwanza, naye atakutukana kwa jina mlango kwa mlango mpaka mwisho wa kijiji.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukisikia unatukanwa huko nje, mama, toka ujibu.

Mwanao,
Mama Kulwa na Doto